Chakula na Afya: Spinachi ya Jibini, au Isagek ya Maziwa?

Juma hili tumepokea barua ya mkulima mmoja wa upande wa Bomet, mwenye ng'ombe wawili na shamba dogo la chai. Asema ya kwamba binti yake, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, aliwapikia wazazi wake chakula kipya. Alichemsha spinachi kidogo, akaichanganya na mchuzi mzito wa maziwa na unga wa ngano, akainyunyizia jibini iliyokunwa, kisha akaioka. Kwa kuwa hapakuwa na tanuri, aliifunika sufuria akatia makaa chini yake na mengine juu ya kifuniko. Wote walikisifu chakula kile. Lakini baba alipoambiwa bei ya kile kipande cha jibini, alinyamaza kimya.

"Bwana Mwandishi," auliza, "je, chakula hiki chaipita kwa nguvu isagek aliyotupikia mama yangu? Kama ndivyo, nitajinyima ninunue jibini. Kama sivyo, uniambie, maana nina watoto watano."

Swali hili ni la maana, na yafaa lijibiwe kwa hesabu, si kwa maneno matupu.

Kwanza, tumpe msichana haki yake. Chakula alichopika ni chakula bora. Jibini na maziwa huleta protini, ambayo ndiyo hujenga mwili wa mtoto, na kalsiamu, ambayo huimarisha mifupa na meno. Majani ya kijani nayo yana rangi ya manjano iliyofichika ndani ya ukijani wake, na mwili huigeuza rangi hiyo kuwa vitamini A. Mtoto aliyepungukiwa sana na vitamini hiyo huanza kwa kutoona vyema jioni, na hatimaye aweza kupofuka. Lakini rangi hiyo haipokelewi vizuri mwilini pasipo mafuta. Kwa hiyo majani yaliyochemshwa kwa maji na chumvi tu hupoteza sehemu ya faida yake, bali yakitiwa maziwa yenye mafuta, faida huongezeka.

Sasa tuitazame jibini yenyewe. Jibini ni maziwa yaliyogandishwa na kuondolewa maji yake, kisha yakatiwa chumvi. Kilo moja ya jibini ngumu yahitaji lita kumi hivi za maziwa. Kipande cha gramu 30 cha jibini ya namna ya Cheddar kina protini gramu 7 hivi na kalsiamu miligramu 200 hivi. Kikombe kimoja cha maziwa, yaani robo lita, kina protini gramu 8 hivi na kalsiamu miligramu 300 hivi. Msomaji na apime mwenyewe. Mkulima auzaye maziwa yake yote asubuhi, kisha akanunua jibini jioni, amenunua tena kitu kile kile alichokiuza, na kwa bei ya juu zaidi.

Tuje kwenye majani. Wengi huamini ya kwamba spinachi yapita mboga zote kwa nguvu, na imani hiyo ilienezwa sana na Popeye, yule baharia wa katuni aliyeanza kuchorwa Marekani mwaka 1929. Kumbe spinachi ina asidi iitwayo oksaliki, ambayo huishika kalsiamu ya majani hata mwili usipate ila kidogo. Tena, nyingi ya ile iuzwayo masokoni kwetu kwa jina la spinachi si spinachi halisi, bali ni mboga ya ukoo mmoja na biti, nayo ina asidi ile ile. Si mboga mbaya. Ila sifa zake zimetiwa chumvi. Isagek, ambayo kwa Kiswahili ni mgagani na wengine huiita saga, kwa kawaida huipita mboga hiyo kwa kalsiamu na chuma, ingawa vipimo hutofautiana kwa udongo na umri wa majani.

Na bibi zetu waliipikaje? Waliichemsha, wakaitia maziwa au malai ili kupunguza uchungu wake, wakaiacha chunguni ilale, na kesho yake wakaipasha moto tena. Wenzetu wa Kisii nao hutia maziwa katika mboga hiyo hiyo. Ukiondoa unga wa ngano na makaa ya juu, chakula cha binti na chakula cha bibi ni ndugu: majani, maziwa na mafuta katika sufuria moja.

Lakini tusiwasifu wazee hata tukaficha kasoro. Kuchemsha kwa muda mrefu na kumwaga maji huondoa vitamini C nyingi. Yafaa kutumia maji machache, na asiyependa uchungu achanganye isagek na managu au majani ya kunde. Maziwa nayo lazima yachemshwe kwanza, kwani maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu na homa ya brusela.

Liko jambo moja zaidi, nalo latuhusu sana sisi wa Kericho na Bomet. Chai imekuwa mali ya nchi hii tangu mashamba makubwa yalipofunguliwa katika miaka ya 1920, nayo imelipa karo za watoto wengi. Hatuisemi vibaya. Walakini chai ina tanini, na tanini hukishika chuma cha majani tumboni kisiingie damuni. Kuitia maziwa hakuondoi jambo hilo. Mama mjamzito, ahitajiye chuma kuliko wote nyumbani, akila mboga na kuiteremsha kwa kikombe cha chai, amejipa kwa mkono mmoja na kujinyang'anya kwa mwingine. Heri chai ingoje saa moja au zaidi baada ya chakula.

Kinyume chake, vitamini C hukisaidia chuma kuingia. Ukikamua limau ndani ya mboga ya maziwa, maziwa yatakatika. Basi mle chungwa au pera pamoja na chakula. Wala msitegemee majani peke yake kwa ajili ya damu, kwa maana chuma chake huingia kwa shida, na kalsiamu ya maziwa nayo hukizuia kidogo. Maharagwe, na nyama au omena inapopatikana, yana kazi yake. Mwenye dalili za upungufu wa damu aende hospitalini, asijitibu kwa sufuria.

Basi, ndugu yetu wa Bomet, jibu letu ni hili. Usinunue jibini kwa kujinyima, wala usimkemee binti yako, kwa kuwa amewakumbusha jambo jema. Mpe isagek ya shambani na malai ya ng'ombe wako, aioke kwa makaa yake kama alivyofundishwa. Jibini na ingoje sikukuu.

Lakini nasi twakuuliza swali moja. Maziwa yanapopimwa asubuhi ili yapelekwe kuuzwa, ni kiasi gani hubaki nyumbani kwa wale watoto watano? Katika nyumba nyingi hubaki ya kugeuza rangi ya chai tu. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Fungua daftari lako leo, na kabla ya kuandika lita zilizouzwa, andika kwanza vikombe vitano vya watoto.