Chanzo cha Utumwa ni Faida

Wako wanaofundisha hata leo kwamba utumwa katika pwani yetu ulitokana na ukatili wa taifa fulani au dini fulani. Wanafunzi huyapokea maneno hayo, wakatoka shuleni na chuki badala ya elimu. Ukatili ulikuwapo, tena mkubwa. Lakini ukatili peke yake hauelezi kwa nini utumwa ulipamba moto mahali fulani na wakati fulani. Kinachoeleza hayo ni faida.

Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, kwa kuwa mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi yalihitaji wafanyakazi. Mwanzoni mwa karne ya 19 mkarafuu uliletwa Unguja, na Seyyid Said akahimiza upandwe kwa wingi. Karafuu huchumwa kwa mkono, shada kwa shada, kabla vitumba havijachanua. Ukichelewa, thamani yake hupotea. Kazi hiyo hudai mikono mingi kwa wakati mmoja.

Mikono hiyo ingetoka wapi? Ardhi ilikuwa tele, watu wachache. Mtu huru mwenye jembe lake na mahali pa kupanda muhogo haachi shamba lake akachume karafuu za mwingine kwa ujira mdogo. Na ujira mkubwa ungekula faida. Basi mwenye shamba akachagua nguvu. Gharama ya kumlea mtumwa hadi akomae ilikuwa imekwisha kubebwa na wazazi wake, huko Ziwa Nyasa na kwingineko. Hata chakula chake, mara nyingi mtumwa alijilimia mwenyewe katika kipande alichopewa, siku alizoachiwa. Hiyo ndiyo hesabu iliyofichwa nyuma ya mjeledi.

Wengine watauliza: je, si huruma ya Waingereza iliyoukomesha? Wako waliosukumwa na huruma, hatukatai. Lakini na tutazame matendo ya serikali yao. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alilazimishwa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Waliokwama pwani wakazidi kutumiwa katika mashamba ya nafaka ya Malindi na ya miwa ya Pangani. Amri ya mwaka 1897 ilipowapa watumwa wa Unguja na Pemba haki ya kudai uhuru, aliyelipwa fidia alikuwa bwana, si mtumwa. Ardhi na mikarafuu vilibaki kwa wenyewe, na wengi walioachwa huru wakabaki humo humo kama maskwota. Bara nako, kuanzia 1898, Wajerumani walitoza kodi ya nyumba, na mkulima akasukumwa kutafuta fedha katika mashamba ya walowezi. Minyororo ilibadilishwa jina. Jasho liliendelea kuvujwa.

Kwa hiyo, mwalimu, usimwache mtoto wa leo atukanwe darasani kwa ajili ya asili ya babu yake, awe wa aliyeuza au wa aliyeuzwa. Nawe mwanafunzi, popote uonapo kazi nzito na ujira haba, usiulize kwanza rangi ya bwana. Uliza: faida inakwenda kwa nani?