Maji ya Ndani ya Jicho na Funga Zetu

 

Katika Suratul Balad mwanadamu anakumbushwa kuwa amepewa macho mawili. Wengi wetu huisoma aya hiyo na kupita haraka, bila kuzingatia kilichomo ndani ya jicho lenyewe.

Nyuma ya duara la rangi linaloizunguka mboni, Allah ameweka kiungo kidogo chenye mikunjo, ambacho hutengeneza maji maangavu kutokana na damu. Haya si machozi. Machozi huosha jicho kwa nje. Maji haya hupita katika mboni na kuja mbele, yakilisha lenzi na kioo cha mbele cha jicho, sehemu ambazo hazikuwekewa mishipa ya damu ili nuru ipite bila kizuizi. Kisha hutoka pembeni kupitia tishu mfano wa chujio, yakarudi katika damu. Yote hayazidi robo ya mililita au karibu na hapo, na hubadilishwa upya kwa muda wa takriban saa mbili. Yanayoingia yakilingana na yanayotoka, shinikizo huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Mizani iliyoje!

Njia ya kutokea ikizibana, maji hayaachi kutengenezwa. Shinikizo hupanda, na mshipa wa fahamu wa jicho hufa kidogo kidogo, mara nyingi bila maumivu, nuru ikianza kupotea pembeni. Hii ndiyo presha ya macho, ingawa wapo wanaoipata hata shinikizo likiwa la kawaida. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliikuta kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Nuru iliyopotea kwa maradhi haya hairudi. Waarabu huita mtoto wa jicho “maji meupe”, na presha ya macho “maji ya buluu”. Majina yanakaribiana, lakini la kwanza laweza kusubiri upasuaji, la pili halisubiri.

Hapa Migato, wapo wanaoanzia kwa mganga, wakarudi na hirizi shingoni na maji ya majani machoni. Hilo limekwisha semwa sana katika kurasa hizi. Linalotusikitisha zaidi ni la watu wa safu ya mbele msikitini: mtu ameandikiwa dawa ya matone, na ukiandama mwezi wa Ramadhani anaiacha siku zote thelathini, akichelea kufungua.

Ndugu zetu, baadhi ya matone hayo, kama timololi, hupunguza maji yanayotengenezwa. Mengine, kama latanoprosti, huyafungulia njia ya kutoka. Ukiyaacha, shinikizo hupanda tena, uwe umefunga au hukufunga.

Na sheria haikumdhikisha mtu hapa. Mashafii na Mahanafi wanasema kinachotiwa jichoni hakifunguzi, hata ladha yake ikihisika kooni. Mamaliki na Mahanbali wamekhitalifiana nao pale kinapofika kooni. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya aliona hakifunguzi. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha kumi mjini Jeddah mwaka 1997, ilipitisha kuwa matone ya macho hayabatilishi funga maadamu mtu hakumeza kilichofika kooni. Sisi tunaona hilo latosha, na anayetaka kujitoa katika khitilafu amuulize daktari kama anaweza kuyatia baada ya futari na kabla ya alfajiri, si kuyaacha.

Lipo na jambo jepesi. Baada ya kudondosha, afumbe jicho na abonyeze kona yake ya upande wa pua kwa dakika mbili. Dawa hubaki jichoni, na kinachoshuka kooni huwa kidogo mno; akikihisi, akiteme. Mwenye pumu amweleze daktari kabla ya kupewa timololi. Na mwenye mzazi au ndugu aliyepofuka kwa maradhi haya asingoje dalili, aende kupimwa kwa mtaalamu wa macho, Bariadi au Bugando, Mwanza.

Tunawaomba maimamu walitaje hili katika khutba za Shaaban, kabla chupa za dawa hazijawekwa kando.

Wabillahi tawfiq.