Mlango wa Zanzibar Katika Nyumba ya Soka

Mnamo tarehe 15 Desemba 2017, katika Uwanja wa Moi hapa Kisumu, timu ya Zanzibar iliwafunga Uganda, mabingwa watetezi, mabao 2-1 katika nusu fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA. Siku mbili baadaye, mjini Machakos, vijana hao hao walitoka sare ya 2-2 na Harambee Stars, nasi tukalinyakua kombe kwa mikwaju ya penalti, 3-2. Zanzibar wakarudi visiwani mikono mitupu. Hilo si ajabu, kwani asiyekubali kushindwa si mshindani. Ajabu ni kwamba timu iliyokaribia hivyo kuwa bingwa wa Afrika Mashariki na Kati haina idhini hata ya kujaribu kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika, seuze Kombe la Dunia.

Tukumbuke yaliyotangulia. Mwezi Machi mwaka huo huo wa 2017, Shirikisho la Soka Barani Afrika, CAF, lilikutana mjini Addis Ababa likaipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake kamili, wa 55. Visiwani watu walishangilia. Mwezi Julai, haijatimia hata miezi mitano, CAF ikakutana tena mjini Rabat na kuutengua uanachama huo, kwa hoja kwamba katiba yake hairuhusu vyama viwili kutoka nchi moja. Zanzibar ikarejeshwa ilikokuwa, yaani mwanachama mshiriki: klabu zake hucheza michuano ya Afrika, timu yake ya taifa hutazama.

Tangu hapo nimewasikia baadhi ya wapenzi wa kandanda wakisema kwamba, ikiwa Afrika imekataa, Zanzibar na itafute bara jingine. Wasemao hivyo hawakosi mifano. Australia ilikuwa katika shirikisho la Oceania, ambako mwaka 2001 iliwafunga American Samoa mabao 31-0 katika mchuano wa kufuzu kwa Kombe la Dunia. Ushindi wa namna hiyo haumfunzi mtu kitu. Australia ikaomba kuhamia Asia, ikapokewa rasmi tarehe 1 Januari 2006, na mwaka 2015 ikatwaa Kombe la Asia. Israel nayo iliondolewa katika shirikisho la Asia mwaka 1974, ikatangatanga, hata ikacheza michuano ya kufuzu ikiwa miongoni mwa timu za Oceania, mpaka ilipopata uanachama kamili wa Ulaya mwaka 1994. Kazakhstan iliiacha Asia ikaingia Ulaya mwaka 2002.

Mifano hii ni ya kweli, lakini naona haitufikishi mbali. Nchi zote tatu zilikuwa tayari ndani ya nyumba ya soka ya dunia. Zilichobadilisha ni chumba tu. Zanzibar ingali nje ya nyumba yenyewe. Aliye nje haulizwi angependa kulala chumba gani. Huulizwa kwanza ameingia kwa mlango upi.

Nje huko Zanzibar imekwisha kupajaribu. Mwaka 2006 ilikwenda Hamburg, Ujerumani, kushiriki mashindano ya timu zisizotambuliwa na FIFA, ikafika fainali na kushindwa na Cyprus ya Kaskazini kwa penalti. Mwaka 2012 ilikwenda Kurdistan katika mashindano mengine ya aina hiyo, ikashika nafasi ya tatu. Miongoni mwa timu zilizokuwa Hamburg ilikuwemo Gibraltar, rasi ndogo iliyo chini ya Uingereza. Gibraltar haikuhama bara. Iliudai mlango wake Ulaya kwa miaka mingi, mbele ya mahakama ya usuluhishi wa michezo, na mwaka 2013 UEFA ikaipokea. FIFA ikafuata mwaka 2016. Wenzao wa Hamburg leo hucheza na Ufaransa na Uholanzi, na mara nyingi hufungwa mabao mengi, lakini hufungwa wakiwa ndani.

Huenda mwalimu wa Kisumu akauliza: haya ya Zanzibar yatuhusu nini sisi wa kando ya Ziwa Viktoria? Yatuhusu sana, kwa kuwa mji wetu wenyewe ni somo la mipaka. Reli kutoka Mombasa ilipofika ufuo huu mwezi Desemba 1901, ilikuwa imefika Uganda, kwani Kisumu, au Port Florence kama ilivyoitwa, ilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda. Mwaka 1902 Waingereza wakaukata mkoa huo na kuutia katika Himaya ya Afrika Mashariki, nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Mji haukusogea hata hatua moja. Kilichosogea ni kalamu. Mashindano ya Gossage yalipoanza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, mwana wa Kisumu alikwisha kuhesabiwa upande wa Kenya, na laiti kalamu ile isingesogea angekuwa mpinzani wetu.

Tutazame ziwa lenyewe. Omena wetu ndiye mukene wa Waganda, naye ndiye dagaa wa Mwanza. Kijana wa Muhuru Bay na jamaa yake wa Shirati huzungumza Kijaluo kimoja, lakini wakijaliwa kipaji mmoja atavaa jezi ya Harambee Stars na wa pili jezi ya Taifa Stars. Sisemi kwamba mipaka haina maana. Nasema kwamba iliwekwa na watu, kwa sababu za watu, na kwa hiyo watu wanaweza kuulizwa sababu hizo.

Sasa niwatendee haki wenye hoja tofauti, maana hawakosi neno la maana. Wanasema Tanzania ni nchi moja tangu Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Wanasema pia kwamba Zanzibar ikipewa timu yake, Taifa Stars itawapoteza vijana wa visiwani kama Feisal Salum. Na zaidi wanasema kwamba kila jimbo la Afrika lenye manung'uniko litabisha hodi kesho, na CAF haitajua imfungulie nani na imzuie nani.

Hoja hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na jibu lake limo katika historia. Zanzibar ilijiunga na mashindano ya Gossage mwaka 1949. CAF yenyewe iliundwa mwaka 1957. Kwa maneno mengine, timu ya Zanzibar ilikuwa ikicheza na majirani zake miaka minane kabla ya kuwapo chombo kinachoamua leo kama ni timu au si timu, na miaka 15 kabla ya Muungano. Mwaka 1995 ilitwaa Kombe la Chalenji katika ardhi ya Uganda. Ni majimbo mangapi ya Afrika yanayoweza kuleta ushahidi wa aina hiyo? Mlango ukiwekewa kipimo hicho, hautapitwa na kila mwenye hasira.

Wala jambo lenyewe si geni duniani. England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini ni dola moja yenye timu nne. Visiwa vya Faroe vimo chini ya Denmark na vina timu yao. Kanuni za FIFA zina kifungu kinachoruhusu eneo ambalo bado halijapata uhuru kuomba uanachama, mradi chama cha nchi linaloitegemea kitoe idhini. Hapa ndipo fundo lilipo. Zanzibar ilipata uhuru wake mwezi Desemba 1963, kisha ikaungana na Tanganyika mwaka uliofuata. Je, iseme kwamba haijawahi kuwa huru ili iruhusiwe kucheza mpira? Wanafunzi wa Historia wangefanya vyema kulijadili swali hili darasani, kwani ndani yake mna tofauti kati ya dola, taifa na chama cha mpira, tofauti ambayo watu wazima wengi huichanganya.

Maoni yangu ni haya. Ufunguo wa kwanza hauko Cairo yaliko makao ya CAF, wala Zurich yaliko ya FIFA. Uko Dar es Salaam. Shirikisho la soka la Tanzania likae na ndugu zao wa Zanzibar, litoe idhini yake kwa maandishi, na wakubaliane wazi kuhusu wachezaji: aliyekwisha kuichezea Taifa Stars asibughudhiwe, na kijana anayechipukia achague mwenyewe. Wakija na sauti moja, CAF nayo iombwe irekebishe katiba yake kwa kipimo cha historia nilichokitaja. Na chama chetu cha Kenya, chenye kura yake katika CAF, kisinyamaze.

Sisi Wakenya hatupaswi kunyamaza kwa sababu tumekwisha kuionja shubiri hiyo. Mwaka 2022 FIFA ilitufungia kuanzia Februari hadi Novemba, na Harambee Stars ikaondolewa katika michuano ya kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023. Vijana wetu waliokuwa katika ubora wao walipoteza nafasi ambayo mchezaji haipati mara nyingi maishani. Lakini sisi tulifungiwa kwa mgogoro wa uongozi wetu, na ulipopatiwa ufumbuzi tukafunguliwa. Kijana wa Unguja au Pemba hana kosa la kurekebisha.

Mwezi Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa michuano ya CHAN kwa pamoja, Uwanja wa Amaan wa Zanzibar ulizipokea Senegal, Nigeria, Sudan na Kongo. Nchi hizo tatu ndizo pia zilizopewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na jina lililochaguliwa kwa zabuni yao lilikuwa Pamoja. Jina hilo lina deni. Nyasi za Zanzibar zimeonekana kuwafaa wageni wa bara zima, na wenye nyasi wafikiriwe. Wapewe nafasi ya kufuzu au kukosa kufuzu kwa miguu yao wenyewe, kama sisi sote.