Kumbukumbu za wazee: chupa ya mnadani au kipimo cha presha?

Katika minada na stendi zetu siku hizi humkosi muuzaji mwenye spika anayenadi dawa ya asili ya kurudisha kumbukumbu. Wengine huinadi kwenye makundi ya WhatsApp. Wanunuzi ni watoto wanaomwona mama au baba akirudia swali lile lile mara tatu kwa siku, na wanataka kumsaidia. Je, hela hiyo inamsaidia mzee?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupunguza hatari ya demensia, yaani hali ya ubongo kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Mwongozo huo haupendekezi vidonge vya vitamini B na E kwa kazi hiyo. Mmea wa ginkgo, unaouzwa sana duniani kama dawa ya kumbukumbu, ulijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba haukuzuia demensia. Sasa chupa isiyo na lebo tuiamini kwa lipi?

Chupa hizi zinaendelea kununuliwa kwa sababu kusahau kuna siku zake. Leo mzee yuko vizuri, kesho amechanganyikiwa. Akiamka vizuri baada ya kunywa dawa, sifa zote zinakwenda kwenye chupa.

Njia za asili zinazosaidia zipo, ila hazina wa kuzinadi. Ubongo unalishwa na mishipa ya damu, na presha ya juu na kisukari huiharibu mishipa hiyo polepole, bila maumivu. Nchini Finland, watafiti waliwafuatilia watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 kwa miaka miwili. Waliosaidiwa kula vizuri, kufanya mazoezi, kuushughulisha ubongo na kupima afya ya moyo na mishipa walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili kuliko waliopewa ushauri wa kawaida tu.

Kwetu kijijini mambo hayo yanawezekana. Mzee atembee kila siku kadiri miguu inavyomruhusu. Ale mchicha, maharage, dagaa na matunda, na chumvi ipungue. Aache tumbaku. Acheze bao, aende kwenye kwaya au kikundi chake, awasimulie wajukuu habari za ukoo. Masikio nayo yapimwe, kwani asiyesikia hujitenga, na upweke ni hatari kwa ubongo.

Tutofautishe pia kusahau na kuugua. Kusahau ulipoweka funguo kisha ukakumbuka baadaye ni jambo la kawaida uzeeni. Kupotea njia ya shamba ulilolima miaka 30 si kawaida. Na mzee aliyekuwa vizuri juzi, leo anaongea yasiyoeleweka, awahishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka au kiharusi. Hapo kila saa inayopotea kusubiri chupa ifanye kazi inaweza kumgharimu maisha.

Kuna hatari nyingine tunayoijua sote hapa Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa. Bibi anayetangatanga usiku, anayeongea peke yake, huanza kunyooshewa kidole kuwa ni mchawi. Wapo waliouawa kwa tuhuma za namna hiyo. Familia inayojua kwamba huo unaweza kuwa ugonjwa ina neno la kuwaambia majirani kabla mambo hayajaharibika.

Hivyo kabla ya kutoa hela mnadani, mpelekeni mzee akapimwe presha na sukari. Beba dawa zote anazotumia, hata za miti shamba, mganga azione, maana baadhi huchanganya akili au kugongana na nyingine. Mkifika, ulizeni dirisha la wazee. Na atakayekwenda naye awe yule anayeishi naye, kwa sababu mwenye kusahau hawezi kueleza yote aliyoyasahau.