Gare ya Kamina: anayepanda treni ya mizigo si klandestini

Kila mara treni inapoanguka katika Katanga ya zamani, neno moja linatangulia hesabu ya wafu: klandestini. Wanasema marehemu walipanda kwa siri, bila ruhusa, basi kifo walikitafuta wenyewe. Wafu wanazikwa, reli inatengenezwa, na wanaongoja gare ya Kamina wanaendelea kungoja. Neno hilo si la kweli, na linaumiza familia mara ya pili.

Tuhesabu. Tarehe 22 Aprili 2014, treni ilianguka karibu na Katongola, kaskazini ya Kamina. Zaidi ya watu 50 walikufa. Tarehe 12 Novemba 2017, kule Lubudi, ikawa treni ya mafuta: angalau watu 33. Tarehe 10 Machi 2022, treni iliyotoka Luena, teritware ya Bukama, kuelekea Tenke, ilianguka Buyofwe: zaidi ya watu 60. Zote tatu zilikuwa treni za mizigo. Ile ya Buyofwe ilibeba mamia ya watu. Mamia ya watu wanajificha wapi juu ya wagoni? Mama mwenye mtoto mgongoni na gunia la mahindi kichwani anapitaje gareni bila kuonekana? Kila mtu anamwona. Siku ya ajali ndipo anageuka kuwa mtu wa siri.

Kamina ni mji wa reli. Kampuni ya BCK ilimaliza njia ya Bukama mpaka Port-Francqui, Ilebo ya leo, mwaka 1928. Mwaka 1956 reli ya Kabalo ikafika, na Kamina ikaunganishwa na Kalemie. Umeme wa reli unaotoka Lubumbashi unaishia hapa. Kutoka hapa treni inavutwa na mashine ya mazutu. Anayetoka Lubumbashi kwenda Kasai au Tanganyika kwa treni lazima apite Kamina. Mji wa Malemba-Nkulu hauna reli: mtu anashika boti ya Lualaba mpaka Bukama, ama pikipiki mpaka Kamina. Akifika, pesa zimepungua. Treni ya wasafiri haina siku wala saa inayojulikana. Ya mizigo ndiyo inapita. Hapo anachagua nini?

Familia zilizokimbia zinaijua habari hii kuliko yeyote. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa Katanga walilala miezi kwenye gare za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi walikufa kwa magonjwa kabla ya kuondoka. Watoto walizikwa mbali na kwao. Waliopata treni walipitia Kamina. Miaka 30 baadaye, Novemba 2023, baada ya mwendesha pikipiki kuuawa, familia zenye asili ya Kasai zilikimbia tena, safari hii kutoka Malemba-Nkulu. Aliyekimbia haulizi kama wagoni ni ya abiria ama ya makala. Anauliza kama inaondoka leo.

Wengine watajibu kwamba SNCC haina pesa, na wafanyakazi wake wenyewe wamekaa miezi mingi bila mshahara. Kweli, na mfanyakazi huyo naye anastahili haki yake. Lakini mwaka 2010 Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 255 kwa mradi wa usafiri nchini, na sehemu kubwa ilikuwa ya kufufua reli ya SNCC. Mashine mpya zilikuja. Ajali za 2017 na 2022 zilikuja pia. Leo wakubwa wanazungumza juu ya njia ya Lobito, inayotoa shaba na kobalti Kolwezi kwenda baharini. Njia hiyo haipiti Kamina. Raia wa Haut-Lomami wasidanganywe kwamba mabilioni hayo ni dawa yao.

Tena, yanayohitajika kwanza hayangoji mabilioni. Ubao mmoja gareni, chaki, na mtu wa kuandika siku ya treni. Ikichelewa, aandike pia. Tangazo kwa redio za Kamina, Bukama na Malemba-Nkulu, ili mama asitoke kwake siku kumi kabla ya wakati. Paa, maji ya kunywa, vyoo na taa kwa wanaolala gareni. Na wagoni moja ama mbili za abiria zifungwe nyuma ya treni ya mizigo, kwa tiketi halali, kila inapowezekana.

Kuna watakaosema sheria inakataza kupanda mizigo. Sheria hiyo ni nzuri, inaokoa maisha. Lakini sheria inayomkataza mtu njia ya hatari bila kumwonyesha njia nyingine inamwacha palepale kwenye changarawe ya reli, na mvua ikinyesha.

Wabunge wa Haut-Lomami, gavana na wakubwa wa SNCC waanze na ubao ule. Siku treni ya wasafiri itakapoandikwa hapo, na kuondoka kama ilivyoandikwa, ndipo watakuwa na haki ya kumwita mtu klandestini.