Nyasi za Baharini Nazo Zihesabiwe

Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa kutoka pwani ya Kerege na Mapinga hadi Mlingotini, hufichuka majani ya kijani ambayo wengi wetu huyaona takataka. Wanafunzi wangu huyaita mwani. Si mwani. Mwani hauna mizizi wala maua. Nyasi hizi zina mizizi, huchanua na kuzaa mbegu.

Asili yake ni mimea ya nchi kavu iliyorejea baharini takriban miaka milioni 100 iliyopita. Kurejea huko kulikuwa na gharama. Mwaka 2016, wanasayansi waliochapisha jenomu ya Zostera marina, jamaa yake wa bahari za kaskazini, waligundua kwamba mmea huo umepoteza jeni za kutengeneza stomata, vile vitundu vya jani vya kupitishia hewa. Chavua ya nyasi hizi haibebwi na nyuki bali na maji, na mara nyingi ni ndefu kama uzi. Mifereji ya hewa ndani ya majani hupeleka oksijeni hadi mizizini, katika tope lisilo na hewa. Jambo moja tu hazikuweza kuliacha: kuhitaji mwanga wa jua.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Mikoko tunaijua na matumbawe yana watetezi. Nyasi hizi, anamolisha tasi na wanamojificha samaki wachanga, hutajwa kwa nadra. Kokoro huzing'oa. Wakulima wa mwani nao huzing'oa ili kusafisha mashamba, nami siwalaumu, kwani hakuna aliyewaeleza thamani yake. Mbegani, mradi wa bandari umejadiliwa tangu makubaliano ya mwaka 2013. Kuchimba kina cha bandari huchafua maji, na maji machafu huzuia mwanga.

Sipingi bandari. Nasema kwamba tathmini ya athari kwa mazingira, inayodaiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, isiishie kuandika “majani” na kufunga ukurasa. Itaje spishi, ipime eneo, iwaulize wavuvi na akina mama wanaookota chaza humo. Ndugu mtumishi wa umma, kisichohesabiwa kabla ya mradi hakiwezi kudaiwa baada yake. Atakayelipa deni hilo ni mvuvi atakayerudi na ngalawa tupu.