Pole haipalilii vitunguu: kijana mkulima, dai fidia yako ya ajali

Leo tunaweka pembeni viwavijeshi na bei ya vitunguu, tuzungumze barabara. Nimeamua kuliandika hili kwa sababu kila msimu kuna shamba au mawili ninayoyakuta yamegeuka pori. Ukiuliza unaambiwa mwenye shamba aligongwa, yuko ndani na mguu wa vyuma. Ukiuliza alilipwa nini, jibu ni lile lile: "Mwenye gari alikuja kutoa pole, akaacha elfu hamsini na mafuta ya kupikia."

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kijana anayelima kibiashara akiumizwa barabarani na asidai fidia, amepata hasara mara mbili. Na wengi hawadai kwa sababu hawajui kwamba kuna hela ilishatengwa kwa kazi hiyo, au kwa sababu hawana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba shamba lilikuwa linawaingizia kitu.

Tusichanganye maneno matatu

Sisi wa Karatu na Ngorongoro tumezoea sana neno kifuta jasho. Tembo akitoka hifadhini akala mahindi, unajaza fomu, afisa anakuja kupima, unasubiri. Mtu akijeruhiwa au kuuawa na mnyama ni kifuta machozi. Malipo hayo yanafuata viwango vya kanuni za wanyamapori. Hayapimwi kwa thamani ya ulichopoteza, na Serikali yenyewe imekuwa ikisema kwamba siyo fidia.

La pili ni rambirambi. Wote tunaikumbuka Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2017, pale Rhotia Marera, basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia korongoni. Walifariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto 3 walionusurika walipelekwa Marekani kutibiwa, wakarudi wanatembea. Nchi nzima ilichanga. Siku chache baadaye mmiliki wa shule na makamu mkuu wa shule walifikishwa mahakamani Arusha kwa makosa ya usalama barabarani, likiwemo la kuzidisha abiria. Lakini angalia vizuri: michango ile ilikuwa huruma ya watu, na kesi ile ilikuwa ya Jamhuri. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni fidia.

Fidia ndiyo la tatu. Hiyo ni haki yako dhidi ya aliyekuumiza, na lengo lake ni kukurudisha karibu na pale ulipokuwa kabla ya ajali, kadiri fedha inavyoweza. Usiiombe kama mtu anayeomba msaada. Unaidai.

"Nimeshamsamehe dereva"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia zaidi huku kwetu. Dereva ni mtoto wa jirani, wazee wamekaa, yameisha. Sawa, msamehe. Mimi siwezi kukuambia uvunje ujirani. Lakini elewa mfumo ulivyo.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kinachotembea barabarani kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine atakaowaumiza. Ndiyo hiyo wanayoiita "third party", ile ndogo ambayo watu wanaikata ili tu trafiki asiwasumbue. Wengi hawajui kazi yake halisi. Mahakama ikiamua kwamba mwenye gari anawajibika kwa kuumia kwako, kampuni ya bima ndiyo yenye wajibu wa kulipa. Kwa hiyo unaweza kumsamehe dereva moyoni, ukala naye ugali, na bado ukaidai kampuni ambayo ilishapokea hela kwa ajili ya siku kama hiyo. Ukinyamaza, kijana wa jirani hajapata nafuu yoyote. Aliyepona ni kampuni.

Kuna mwingine anasema, "Dereva alishapigwa faini, kesi imeisha." Faini inaingia serikalini, wewe huoni hata shilingi. Kesi ya trafiki na madai yako ya fidia ni njia mbili tofauti. Ila ile ya kwanza inaisaidia ya pili: dereva akitiwa hatiani, hukumu ile ni ushahidi mzito kwenye madai yako. Kwa hiyo fuatilia namba ya kesi na uombe nakala ya hukumu.

Siku za mwanzo

Hapa nitakwenda haraka, maana mengine mnayajua.

1. Matibabu kwanza. Mtu akiwa hali mbaya apelekwe hospitali, ndugu wafuate PF3 polisi. Lakini PF3 isikosekane. Hiyo ndiyo karatasi inayofunganisha jeraha lako na ile ajali.
2. Ajali iripotiwe polisi, hata kama ni bodaboda na mmekubaliana. Askari apime, achore mchoro wa eneo, gari likaguliwe.
3. Piga picha namba ya gari. Unaweza kuhakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kwa kuandika namba ya usajili wa gari. Bima ya kughushi utaigundua hapo hapo.
4. Chukua majina na simu za walioona. Baada ya mwezi mmoja hutampata hata mmoja.
5. Iandikie kampuni ya bima barua mapema na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Simu haitoshi.
6. Usisaini karatasi ya "sina madai tena" ukiwa bado una plasta mguuni. Hujui kama mfupa utaunga vizuri. Ukishasaini, kurudi nyuma ni kazi kubwa.

Na muda nao una mwisho. Madai ya namna hii yana kikomo cha miaka 3 tangu tukio. Mtu anayengoja "nipone kwanza, halafu nivune, halafu tuone" anaweza kukuta mlango umefungwa.

Daftari la shamba ndilo shahidi wako

Hapa ndipo nataka tukae, maana hapa ndipo vijana wetu wanapoangukia.

Fidia inagawanyika sehemu mbili kubwa. Kuna ya jumla, yaani maumivu, ulemavu, raha ya maisha uliyoikosa. Hiyo hakimu anaipima mwenyewe akizingatia mazingira. Halafu kuna ya hasara mahususi: bili za hospitali, nauli za kwenda na kurudi kliniki, na kipato ulichopoteza. Hii ya pili mahakama zetu, mpaka Mahakama ya Rufani, zina msimamo usioyumba: lazima uitaje kwa kiasi chake na uithibitishe kikamilifu. Kusema tu "nilikuwa napata sana" hakukupi kitu.

Sasa chukua mfano. Tuseme kijana wa Mang'ola ana heka 2 za vitunguu. Anategemea gunia 120, bei shilingi 80,000 kwa gunia. Hiyo ni 9,600,000. Toa gharama 4,000,000, inabaki 5,600,000. Amegongwa wiki ya kupalilia, kalazwa, shamba limeliwa na magugu. Hizo 5,600,000 pamoja na mtaji aliouzika shambani ni hasara ya kweli kabisa. Lakini akisimama mbele ya hakimu, wakili wa upande wa pili atamuuliza: mbegu ulinunua wapi? Stakabadhi iko wapi? Mwaka jana ulimuuzia nani? Uliandika wapi? Kijana anabaki kutikisa kichwa. Aliuza shambani, kwa lumbesa, kwa dalali asiyemjua hata jina la pili, akalipwa taslimu. Kwenye karatasi, huyu si mkulima.

Dereva wa gari la watalii akiumia, ana hati ya mshahara. Mwalimu anayo. Wewe ambaye pengine unaingiza kuliko wote wawili, huna. Ndiyo maana kila semina napiga kelele kuhusu kumbukumbu, mnadhani nataka tu kujaza ripoti ya kata. Tengeneza ushahidi wako ukiwa mzima:

- Stakabadhi za duka la pembejeo. Dai, usiondoke bila hiyo. Ukichukua mbolea ya ruzuku, namba yako ya usajili inabaki kwenye mfumo, na hiyo inaonyesha wewe ni mkulima.
- Stakabadhi ya ushuru wa mazao. Najua wengine mnapita njia za panya usiku kukwepa ule ushuru wa halmashauri. Mkumbuke kwamba mnakwepa pia ushahidi wa mauzo yenu wenyewe.
- Malipo kwa simu au benki. Mwambie dalali atume kwa simu, hata nusu yake. Taarifa ya miamala inazungumza.
- Mkataba wa kukodi shamba, hata kama ni wa msimu mmoja, ukiwa na sahihi za mashahidi na muhuri wa kijiji.
- Daftari la shughuli: tarehe ya kupanda, vibarua wangapi, dawa gani, gunia ngapi. Mkono wako, tarehe zako.
- Picha za shamba kabla na baada. Ukilazwa, mwite afisa ugani wa kata yako aje aone shamba lilivyo, aandike. Hiyo ni kazi yetu, usione aibu.

Na ukiweka mtu akusimamie shamba ukiwa kitandani, mlipe kwa maandishi. Nayo ni gharama iliyoletwa na ajali.

Upande wa pili: wewe nawe una trekta

Nisiwaonee huruma tu. Wengi wenu sasa ni matajiri wadogo. Mna pikipiki, kirikuu, trekta na tela. Trekta likiingia lami kutoka Rhotia kwenda Karatu mjini ni chombo cha moto kama basi, na likimuumiza mtu wewe mwenye mali unawajibika kwa kosa la dereva wako. Bila bima, atakayelipa ni shamba lako.

Halafu kuna vile vibarua tunavyovipanga juu ya magunia kwenye fuso au kwenye tela asubuhi ya kuvuna. Bima ile ndogo siyo lazima imkinge kila aliyepanda, na mfanyakazi wako aliyeumia akiwa kazini kwako ana njia yake nyingine, ambayo ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri wa sekta binafsi anatakiwa kujisajili na kuchangia asilimia 0.5 ya mishahara. Kibarua akivunjika katika kazi yako, mfuko unabeba matibabu, malipo ya muda asipoweza kufanya kazi, ulemavu wa kudumu, na akifariki, wategemezi wake. Madai yapelekwe ndani ya miezi 12. Linganisha hiyo asilimia na kuuza heka moja ili kumtibu mtu.

Wakili na hela

"Wakili ni ghali." Kweli, na kesi zinachukua muda, sitawadanganya. Lakini siyo kila dai linafika mahakamani. Dai lenye karatasi zilizokamilika mara nyingi linamalizika mezani. Kampuni ikikuzungusha, peleka malalamiko TIRA, wana ofisi ya kanda Arusha, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na kwa asiye na uwezo kabisa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Waulizie ustawi wa jamii pale halmashauri.

Jihadhari na vishoka wanaozunguka mahodini wakisema "nipe PF3 yako nikufuatilie". Wakili wa kweli ana ofisi na leseni ya mwaka, na makubaliano yenu ya malipo yawe kwenye maandishi kabla hujampa karatasi yoyote halisi. Yeye mpe nakala.

Tumewafundisha vijana kukata hasara ya ukame, ya wadudu, ya bei. Hasara ya barabara tumeiachia Mungu na wazee wa boma, wakati njia yetu hii ya Makuyuni mpaka lango la Ngorongoro inabeba malori, mabasi, magari ya watalii na bodaboda zenye kreti za nyanya, wote wakiwa na haraka. Pole ni nzuri, ipokee. Ila haipalilii vitunguu.

Kazi ya wiki hii ni ndogo: nunua daftari la kurasa 96, andika msimu huu tangu ulipoanza, na ukague bima ya pikipiki yako inaisha lini. Nikipita shambani kwako nitaomba kuviona vyote viwili.